Familia ya Mwanajeshi, Nyumba Yenu Iko Wapi?



Vijiji vyetu vingi vina kijana wake jeshini. Siku anapoondoka tunamsindikiza mpaka kituo cha basi. Akirudi likizo, watoto wanamkimbilia na wazee wanamwita wapate habari. Tunamwonea fahari, na ni haki yetu. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964, na tangu siku ile watoto wa wakulima na wafugaji ndio wamelijaza.

Lakini leo hatuzungumzi juu ya mwanajeshi mwenyewe. Tunazungumza juu ya mke wake, watoto wake na wazazi wake. Hawa hawana bunduki wala sare. Hata hivyo kazi ya jeshi inawagusa kila siku. Mume anahamishwa, na wao wanahama. Mume anapelekwa nje ya nchi, na wao wanabaki peke yao. Na kubwa kuliko yote ni hili: siku kazi inapokwisha, kwa kustaafu au kwa kifo, wao watalala wapi?

Hebu tulitazame jambo hili polepole, hatua kwa hatua.

Nyumba ya kambini ni ya nani?

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana watoto watatu. Ameishi kambini miaka kumi na minane. Nyumba ina umeme, maji yako karibu, shule iko jirani. Amepanda maua mlangoni na mchicha nyuma ya jiko. Kila mtu anasema, "Nyumbani kwa mama fulani." Naye mwenyewe anasema, "Nyumbani kwangu."

Basi, siku moja mume anaugua na kufariki. Wenzake wanamzika kwa heshima. Baada ya muda mama anaambiwa kwamba nyumba inahitajika, maana kuna askari mwingine anaisubiri. Mama analia. Anasema amefukuzwa kwake.

Je, amefukuzwa kwake? Hapana. Nyumba ile haikuwa yake, wala haikuwa ya marehemu. Ilikuwa nyumba ya kazi. Nyumba ya kazi ni kama jembe la shamba la kijiji: unalitumia unapolima, na ukimaliza unalirudisha ghalani. Mwanajeshi akihamishwa, akistaafu au akifa, nyumba inapewa askari mwingine. Huo si ukatili wa mtu. Ndivyo mpango ulivyo.

Kosa halikutokea siku ya msiba. Lilitokea miaka kumi na minane nyuma, pale mume na mke walipoacha kujiuliza: "Yetu wenyewe iko wapi?"

Kwa hiyo neno letu la kwanza ni hili. Kaeni kambini kwa raha, tunzeni nyumba mliyopewa, lakini anzeni ya kwenu mapema. Msingoje mwaka wa kustaafu.

Wanaopanga uraiani

Si kila mwanajeshi anapata nyumba kambini. Wengi wanapanga vyumba mitaani, yaani uraiani. Huko nako kuna mambo ya kuangalia.

Kwanza, mkataba uandikwe. Usikubali maneno matupu ya mlangoni. Mkataba uonyeshe kodi ni kiasi gani kwa mwezi, umelipa miezi mingapi, na mwenye nyumba atatoa taarifa ya muda gani akitaka nyumba yake. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mara moja. Ukilipa hivyo, uliza: "Mume wangu akipata uhamisho mwezi wa tatu, pesa iliyobaki itakuwaje?" Jibu liandikwe mle mle kwenye mkataba.

Pili, majina ya mume na mke yote yawemo. Mume akiwa mbali, mke asiambiwe, "Wewe sikujui, mimi nilipatana na bwana."

Tatu, kila malipo yawe na risiti, hata ikiwa ni karatasi ya daftari yenye tarehe na sahihi. Wewe sasa unajua kusoma. Soma kabla ya kutia sahihi. Kama kuna neno hulielewi, kalamu iweke chini kwanza, uulize.

Nne, jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani. Siku ya shida, jirani ndiye ndugu wa kwanza.

Uhamisho

Barua ya uhamisho haipigi hodi. Inaweza kuja wakati mtoto yuko darasa la saba na mbuzi wako ana mimba. Basi fanyeni hivi.

Ulizeni kikosini ni nini mnastahili kwa ajili ya safari ya familia na mizigo. Msione haya kuuliza. Kisha nendeni shuleni mkachukue barua ya uhamisho ya mtoto. Chukueni pia kadi ya kliniki ya mtoto mchanga, na kama mama ni mjamzito, kadi yake ya kliniki isiingie kwenye gunia la vyombo. Iwe mkononi.

Na mtoto wa darasa la saba je? Familia nyingine wanaona afadhali mama abaki na watoto mpaka mtihani uishe, ndipo wamfuate baba. Zungumzeni wote wawili. Mtoto anayehamishwa shule kila mwaka hupoteza marafiki na masomo pia.

Kiwanja kijijini

Sasa tuje kwenye jambo kubwa: kupata nyumba yenu wenyewe. Kwa wengi wetu njia nafuu ni kujenga kijijini.

Tanzania Bara ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Chini ya sheria hii halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Haigawi ardhi kimya kimya. Lazima mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Kwa hiyo kama mtu anakunong'oneza kwamba atakupatia kiwanja cha kijiji usiku bila kikao, huyo anakula pesa yako.

Ukishapata ardhi unaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Hii ni karatasi inayoonyesha kwamba ardhi ile ni ya nani na mipaka yake iko wapi. Hati inaweza kuandikwa kwa jina la mume na la mke pamoja. Sisi tunasema: andikeni majina yote mawili. Mwanajeshi hajui kesho atapelekwa wapi. Jina la mke likiwemo, hata mume akiwa mbali, hakuna shemeji atakayehamisha jiwe la mpaka.

Watu wengine bado wanasema, "Kwa mila yetu mwanamke hana ardhi." Sheria hiyo ya 1999 imejibu. Mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kupata ardhi na kuitumia haina nguvu kisheria. Mila njema tunaitunza. Ile ya kumnyang'anya mjane, hapana.

Kuna jambo jingine, na wanajeshi wengi hawalijui. Sheria inasema ardhi ya kimila inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa kama mwenyewe hakuikalia wala kuitumia kwa muda usiopungua miaka 5. Hali kadhalika kama mwenyewe ametoka nje ya nchi bila kupanga nani ataiangalia. Kijiji kinatakiwa kitoe tangazo kwanza kabla ya kuichukua, lakini kama hakuna mtu wenu kijijini, nani atalisoma tangazo?

Basi mwanajeshi anayekwenda mbali aweke mtu wa kutunza shamba au kiwanja. Amtaje kwa maandishi kwa mtendaji wa kijiji, na nakala ibaki nyumbani. Ni karatasi moja tu, lakini inalinda urithi wa watoto.

Kujenga ukiwa mbali

Hapa ndipo pesa nyingi za wanajeshi zimezama. Mtu yuko kambini mwaka mzima. Anatuma pesa kwa kaka yake: za tofali, za saruji, za bati. Anaporudi likizo anakuta msingi umeota nyasi, na kaka amenunua pikipiki. Ugomvi unaingia, mama mzazi anakaa katikati analia.

Sisi hatusemi ndugu wote ni wabaya. Tunasema pesa ikitembea bila maandishi inamjaribu hata mtu mwema. Fanyeni hivi:

1. Wekeni daftari la ujenzi. Kila pesa inayotumwa iandikwe: tarehe, kiasi, na kazi yake. Pesa ikitumwa kwa simu, ule ujumbe wa simu usifutwe.

2. Patana na fundi kwa maandishi. Mlipe kwa hatua. Msingi ukiisha, lipa msingi. Ukuta ukifika kwenye linta, lipa ukuta. Usilipe kazi yote kabla tofali la kwanza halijawekwa.

3. Anza na nyumba unayoweza kuimaliza. Vyumba viwili vyenye bati na mlango ni nyumba. Vyumba sita vilivyoishia kwenye linta ni zizi la mbuzi. Acha nafasi ya kuongeza baadaye.

4. Mwachie mke kazi ya kusimamia, kama yuko karibu. Ni nyumba yake pia, naye ana uchungu nayo.

5. Wekeni akiba kidogo kidogo, kwenye SACCOS, kwenye VICOBA au benki. Mtu anayeanza kuweka akiba akiwa na miaka ishirini na tano hafanani na yule anayeanza akiwa na hamsini.

Na msisahau kwamba nyumba ya mume na mke haiuzwi na mmoja kwa siri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba wanamoishi mume na mke haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila mwenzake kukubali. Mke akiona dalili za kuuziwa nyumba, asingoje dalali afike na mnunuzi. Aende mapema akaeleze serikali ya kijiji na baraza la ardhi.

Mume akiwa nje ya nchi

Wanajeshi wetu wanakwenda kulinda amani katika nchi nyingine. Si safari ya matembezi. Mwezi Julai 2013 walinzi wa amani 7 wa Tanzania waliuawa Darfur, Sudan. Desemba 2017 wengine wapatao 15 walipoteza maisha kwa shambulio moja mashariki mwa Kongo. Wazee wetu nao wanakumbuka vita vya 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin. Waliozikwa Kaboya, mkoani Kagera, walikuwa na wake na watoto kama sisi.

Hatusemi haya ili kuwatisha. Tunasema ili kabla ya safari, mume na mke wakae chini wazungumze. Kuna watu wanaogopa mazungumzo haya. Wanasema ni kujiitia kifo. Lakini kuandaa kuni kabla ya masika si kuita mvua. Mvua itakuja kwa wakati wake, nawe utapika.

Zungumzeni haya: Pesa ya matumizi itamfikiaje mke kila mwezi? Kikosi cha mume kinaitwaje, na namba yake ya jeshi ni ngapi? Mke akipata shida ampigie nani kikosini? Kwenye kumbukumbu za kikosi, ndugu wa karibu ameandikwa nani? Mara nyingi kijana aliandika jina la baba yake alipoajiriwa, kabla hajaoa. Miaka imepita, baba amefariki, na jina halijabadilishwa. Kumbukumbu hizo zirekebishwe mapema.

Tena jihadharini na simu za matapeli. Mtu anapiga na kusema, "Mimi ni afande fulani, mumeo ameumia, tuma pesa haraka." Usitume. Kata simu, piga namba ya kikosi uliyopewa na mume wako mwenyewe. Wala usimtajie mtu namba ya siri ya simu yako ya pesa.

Bahasha ya nyumbani

Kila familia ya mwanajeshi iwe na bahasha moja ya karatasi muhimu. Iweke mahali pakavu, mbali na mchwa na panya. Ndani yake ziwemo:

Cheti cha ndoa.
Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote.
Nakala za vitambulisho vya Taifa vya mume na mke.
Hati ya ardhi au barua ya kijiji.
Mkataba wa kodi na risiti.
Jina la kikosi na namba ya jeshi.
Daftari la ujenzi na kitabu cha akiba.
Wosia, kama upo.

Mtoto akizaliwa, kizazi kiandikishwe ndani ya miezi 3. Ukichelewa bado unaweza kuandikisha, ila mlolongo unakuwa mrefu. Na ndoa ya kimila nayo iandikishwe. Ni kweli sheria inaweza kuwahesabu watu walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, na kujulikana na jamii kama mume na mke, kuwa wameoana. Lakini hilo ni jambo la kuthibitishwa, nalo linaweza kupingwa. Mjane mwenye cheti anaonyesha cheti. Mjane asiye na cheti anatafuta mashahidi huku machozi hayajakauka.

Kuhusu wosia: uandikwe wazi, uwe na tarehe, na mashahidi wanaojua kusoma na kuandika. Wakala wa serikali wa usajili, yaani RITA, husaidia kuandika wosia na kuutunza.

Msiba ukitokea

Sasa tufike pale pagumu. Mwanajeshi amefariki. Mjane afanye nini?

Kwanza, kifo kiandikishwe. Sheria inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Kama marehemu alifia hospitali, hospitali inatoa karatasi ya taarifa. Kama alifia nyumbani, nenda kwa mtendaji. Kisha cheti cha kifo kinapatikana kwa msajili wilayani. Kama alifia kazini mbali, ulizeni kikosi kuhusu karatasi zake.

Pili, ukoo unakaa kikao na kupendekeza msimamizi wa mirathi. Mambo ya kikao yanaandikwa, na waliohudhuria wanatia sahihi. Mjane awepo kwenye kikao hicho. Asikae jikoni anapika chai wakati mambo yake yanaamuliwa sebuleni. Mjane mwenyewe anaweza kuwa msimamizi.

Tatu, msimamizi aliyependekezwa anakwenda mahakamani. Kwa wengi wetu ni mahakama ya mwanzo. Anajaza Fomu Namba 1, akiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao. Mahakama inatangaza, ili mwenye pingamizi aje aseme. Ikiridhika, inampa barua ya usimamizi, yaani Fomu Namba 4.

Hapa tulielewe vizuri neno "msimamizi". Msimamizi si mrithi wa kila kitu. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Ni kama mtunza hazina wa chama. Ndani ya miezi 4 anatakiwa arudishe hesabu mahakamani. Asiporudisha, warithi wana haki ya kumlalamikia huko huko.

Nne, mjane au msimamizi aende kikosini na karatasi hizo kuuliza mafao ya marehemu, na watoto wanastahili nini. Aulize pia muda wa kukaa katika nyumba ya kambi, aombe jibu la maandishi. Asikasirike wala asinyamaze. Aulize kwa heshima, na aandike tarehe na jina la aliyemjibu.

Na kama kijijini watu wanataka kumpokonya nyumba au shamba? Aende kwenye baraza la ardhi la kijiji. Baraza hili lina watu saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Wasipopatana, lipo baraza la kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017. Hawa wanasaidia bila malipo watu wasio na uwezo. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii kuwapata.

Na sisi wanakijiji?

Sisi tusio na mtu jeshini tunayo kazi pia. Mume akiwa mbali, shamba la mke wake likizidiwa na magugu, tumsaidie siku moja ya kiwili. Mvua ikiezua bati lake, vijana wapande wakarudishie. Tuache maneno ya kusema, "Huyo mke wa mwanajeshi ana pesa, ajitegemee." Pesa haifukuzi nyani shambani.

Na mjane akirudi kutoka kambini na watoto wake na magunia yake matatu, tusimpokee kwa maswali. Tumpokee kwa maji na uji, kisha tumwonyeshe mpaka wa kiwanja chake ulipo. Mume wake alilinda mpaka wa nchi. Sisi hatushindwi kulinda mpaka wa kiwanja.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini nyumba ya kambini inaitwa nyumba ya kazi?
2. Katika kijiji chenu, je, hati za ardhi zina jina la mume na la mke?
3. Msimamizi wa mirathi ana kazi gani? Je, yeye ndiye mrithi wa kila kitu?
4. Leo ukifika nyumbani, ni karatasi gani utakazozikuta kwenye bahasha yako? Ni zipi zinazokosekana?